Siku za Wanaapolo

Katika Arusha ya miaka ya tisini, habari kwamba shimo limetoa ilifika mjini kabla ya wenye shimo. Teksi zilipandisha nauli. Nyama iliisha mabuchani mapema. Wauza mitumba wa Kilombero waligoma kupunguza bei, na mama lishe wa Stendi Ndogo waliulizana, "Wameingia?" Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni kina nani. Ni wanaapolo, vijana wa Mererani waliochimba tanzanaiti, na mji mzima ulikuwa ukiwasubiri na kuwaogopa kwa pamoja.

Nilikulia Ngarenaro, katika nyumba ya vyumba vya kutazamana na ukumbi katikati, choo na bafu uani, bomba moja kwa wote. Baba alifanya kazi kiwanda cha matairi cha General Tyre, na mama ndiye aliyesimamia wapangaji. Kutoka mlangoni petu, asubuhi isiyo na wingu, Mlima Meru ulionekana wote hadi kileleni, mita 4,566. Ikifika saa tatu ulikuwa umeshajifunika. Juni na Julai baridi yake ilitushukia hadi uani, tukagombea nafasi kando ya jiko la mkaa. Wapangaji walikuwa watu wa kila namna: fundi viatu kutoka Kondoa, mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja wa Kipare aliyeuza maharage Soko Kuu. Chumba cha mwisho, kilichopakana na bafu, kilikuwa cha mwanaapolo.

Alilipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, akafunga kufuli, akapotea. Mama alikuwa hajawahi kumwona mpangaji wa hivyo, akamshukuru Mungu. Baba alisema pesa inayokuja namna hiyo haiji peke yake. Miezi ikapita, kufuli likashika vumbi. Kisha usiku mmoja tukasikia Landrover imesimama nje, muziki, vicheko, milango inabamizwa, na sauti ya mama aliyetoka na kanga mabegani: "Baba, watu wamelala." Yule kijana, ambaye mtaa mzima uliapa kwamba hana adabu, aliinama pale kizingitini hadi nikadhani anaokota kitu. "Shikamoo mama. Samahani sana mama. Naomba maji ya kuoga tu."

Maji yale nayakumbuka kuliko kelele. Asubuhi mfereji wa bafuni ulikuwa na utando wa kijivu uliong'aa, kama kwamba mtu amesaga penseli mle ndani. Tanzanaiti ya Mererani hukaa kwenye miamba yenye grafaiti, madini yaleyale yanayotiwa ndani ya penseli, na grafaiti haitoki kwa sabuni ya mche kwa siku moja. Ilikuwa imemwingia kwenye mikunjo ya shingo, pembeni mwa kucha, ndani ya masikio, hata kwenye kope. Taulo lake lilipoanikwa kambani lilikuwa la rangi ya risasi. Mama alilifua mara mbili bila kuombwa, kisha akalirudisha kambani kama lilivyo.

Jina la apolo walilileta wenyewe. Nilimwuliza siku moja alipokuwa ameketi uani anakunywa chai, akanieleza jinsi alivyoelezwa na waliomtangulia. Wamarekani walipokwenda mwezini mwaka 1969 walikwenda na chombo kilichoitwa Apollo. Walifungiwa ndani, wakabebeshwa hewa ya kuvuta, wakapelekwa mahali ambapo hakuna aliyeweza kuwafuata kuwaokoa. Mchimbaji naye anateremka kwa kamba na ngazi za magogo, mita kwa mita, hewa anasukumiwa na kompresa kwa mpira kutoka juu, na mpira ukiziba au mashine ikizima hakuna wa kumwahi. Wale walipanda, hawa wanashuka. Safari ni ileile. Kwa hiyo kushuka shimoni kukaitwa kwenda apolo, na anayeshuka akawa mwanaapolo. Alivyosema "apolo" mdomoni mwake palikuwa na kitu nilichokisikia tena baadaye kwa wanajeshi wakitaja vikosi vyao.

Mjini neno hilohilo lilikuwa na uso mwingine. Mwalimu akikuta darasa lina kelele alifoka, "Nyinyi ni wanaapolo?" Mama akimwona mwanawe amepasua shati kwa kucheza: "Umeanza uapolo." Mapolisi walipofanya msako usiku, apolo lilikuwa jina la kila kijana asiyeweza kueleza anaishi wapi na kwa kazi gani. Na kwa kuwa Mererani ni Simanjiro, na Simanjiro ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipoundwa mwaka 2002, hatukuweza hata kusema ni watu wa kwingine. Walikuwa vijana wetu.

Jiwe lenyewe lilikuwa na umri mdogo. Lilijulikana mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5 baada ya Halmashauri Kuu ya TANU kukutana mjini kwetu. Naona ajabu hadi leo kwamba mwaka mmoja, katika mkoa mmoja, lilitoka azimio la kukataa mtu kutajirika kwa jasho la mwenzake, na likatoka jiwe ambalo halikuonekana kwingine kokote duniani. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la nchi yetu. Migodi ikataifishwa mwaka 1971. Mkono wa shirika la umma ulipolegea, wachimbaji wadogo wakamiminika, na mwanzoni mwa miaka ya tisini eneo likagawanywa vitalu vinne, A hadi D. B na D ndivyo vilivyojaa wanaapolo. Ndiyo miaka niliyokuwa na umri wa kuona.

Ambacho sikukiona, na watu wazima walionizunguka hawakukisema, ni jinsi wale vijana walivyolipwa. Hawakulipwa. Mwenye shimo, aliyeitwa tajiri, alitoa chakula, baruti na mafuta ya kompresa. Kijana alitoa mwili. Alikula ugali wa tajiri, akapiga nyundo na mtalimbo gizani, akapumua moshi wa baruti, akangoja. Shimo likitoa, kulikuwa na mgao. Lisipotoa, mwaka umekwenda na hana cha kumdai mtu. Palipokuwa pembamba mno kwa mtu mzima waliingizwa watoto, wakaitwa nyoka. Baadhi yao walikuwa wadogo kuliko mimi niliyekuwa nalalamika kuamshwa kwenda shule.

Ukishajua hivyo, zile fujo zinasomeka vingine. Vinyozi wa Ngarenaro walikuwa na hadithi zao: apolo aliyekodi teksi mbili, moja impakie yeye na nyingine ipakie kofia yake, apolo aliyenunua suruali mpya kila jioni na kuiacha ya jana gesti. Hizo nilizisikia tu. Niliyoyaona kwa macho ni vijana wanne kwenye kibanda cha nyama choma, meza imejaa chupa, mpangaji wetu anammiminia mwenzake bia mikononi anawe kabla ya kula, na wote wanacheka mpaka machozi. Aliyenawa alikuwa na kidole kimoja pungufu. Watu wa meza za jirani walitikisa vichwa. Mwenye kibanda hakutikisa. Alikuwa ameshawaandikia mbuzi mzima, na nina hakika mbuzi yule hakuuzwa kwa bei ya siku za kawaida.

Hapo ndipo ninapolikasirikia jiji langu. Arusha iliyowaita wahuni ndiyo iliyoishi kwa pesa yao. Madalali waliokuwa na tochi na karatasi za kufungia mawe, kando ya maduka ya katikati ya mji, wenye gesti, wenye baa, wenye teksi, wauza viatu, sisi wenye vyumba vya kupangisha. Kijana alikuja na fungu lake, akakaa wiki, akarudi Mererani kupitia njiapanda ya KIA akidandia gari la mtu kwa mkopo. Pesa ilibaki mjini. Kilichoondoka naye ni lile jina.

Palikuwa na mzee wa Kiarusha kutoka Ilboru aliyetuletea maziwa, mrefu, masikio yametobolewa, mgolole umefungwa begani. Yeye peke yake hakushangazwa na wanaapolo. Alisema kijana ni kijana, na Mungu alimpa damu ya moto kwa kazi maalumu. Kwao mvulana ambaye hajatahiriwa ni layoni, na hakuna tusi litakalomkera kijana wa mlimani kuliko hilo. Akishatahiriwa ni morani, na morani anatarajiwa kuwa mkali, kujigamba, kula nyama porini na wenzake, hata kuvuka mipaka. Lakini kila rika la morani lina wazee wake, wa rika lililowatangulia kwa hatua mbili, waliokabidhiwa kuwalea, kuwalaani wakizidi na kuwabariki wakitulia. Ukifika wakati, kunafanyika sherehe na ukali unawekwa chini. Kesho yake wewe ni mtu wa kuoa na kukaa barazani. "Hawa wa Mererani," alimwambia mama huku anapima maziwa kwa kikombe, "nani wazee wao? Nani atawaambia basi, imetosha?"

Mzee alijua alichokuwa akisema, maana upande wa Meru una kumbukumbu ya morani waliokosa kuzuilika. Oktoba 1896, huko Akeri, walivamia kambi ya wamisionari wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, na kuwaua. Wajerumani walilipiza kwa mashamba kuchomwa na ng'ombe kutwaliwa, na mwaka 1900 boma lao likasimama Arusha, likijengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Boma lile bado lipo, siku hizi ni makumbusho. Mji wetu ulianza hivyo, kama kituo cha kuwatazama vijana wa mlimani.

Baba hakuwa na subira na hadithi za morani. Neno lake lilikuwa mhuni, na alilitumia kwa uzito wa mtu aliyeishi mjini mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, ambapo kijana asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa barabarani na kupelekwa shamba. Wakoloni nao walikuwa na sheria zao za kuwaondoa mjini waliowaita wahuni. Baba aliamini mtu bila kazi ya kueleweka ni nusu ya mwizi. Alipotoka zamu ya usiku kiwandani, ananuka mpira, na kumkuta yule mpangaji amelala mchana kutwa, alisonya kwa sauti ya kusikika hadi uani. Hawa wawili hawakuwahi kuketi wakazungumza. Wote walifanya kazi ya kuua mgongo, na kila mmoja alimwona mwenzake mvivu au mtumwa.

Kaka yangu alikuwa kidato cha pili neno apolo lilipompata. Alikuwa hajawahi kufika Mererani, lakini alianza kutembea kiapolo: mabega yametupwa nyuma, raba zisizofungwa kamba, kofia imegeuzwa. Alishinda Stendi Ndogo na kundi la machalii wenzake, na chalii kwetu ni kijana yeyote wa kiume, neno linalosemwa pia Nairobi na ambalo barabara ya Namanga imelipitisha huku na huko pamoja na mitumba. Walipiga kelele, walipigana na vijana wa mtaa wa Unga Limited kwa sababu ambazo jioni hakuna aliyezikumbuka, walipigia miluzi wasichana waliotoka shule. Watu wakiona wanasema, "Wanaapolo hao." Yeye alikunjuka uso kwa furaha. Nadhani hapo ndipo neno lilipopotea njia: likaacha kumtaja anayeshuka shimoni, likamshika yeyote mwenye kelele, na wenye kelele wengi hawakuwa na grafaiti hata chembe kwenye kucha.

Siku kaka alipoondoka kweli kwenda Mererani hakuaga. Alikwenda na yule mpangaji, au ndivyo mama alivyoamini, na kwa miezi mingi hakulitaja jina la kijana yule. Kisha ikaja Aprili 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha tangu mwaka uliotangulia, mito ya Themi na Naura ilikuwa ikinguruma usiku kucha, na habari ikafika kwamba maji yameingia mashimoni Mererani. Wachimbaji walifia humo kwa makumi, na kazi ya kuopoa miili iliendelea kwa muda mrefu. Mji haukupandisha nauli safari hii. Nilimwona mwenye kibanda cha nyama choma, yuleyule, amesimama Stendi Ndogo na wengine, akiuliza kila gari lililotoka huko. Baba aliomba ruhusa kiwandani, akaenda. Alirudi na kaka amekonda, amejifunika blanketi la mtu, kijivu usoni hadi kwenye meno. Baba hakumwambia neno. Alimchotea maji mwenyewe.

Mpangaji hakurudi. Kodi yake ilikuwa imelipwa hadi Desemba, na mama alikataza mtu asifungue chumba kabla ya Desemba kwisha, ijapokuwa waliotaka kupanga walikuja kila wiki. Mwaka ulipogeuka aliita mwenyekiti wa mtaa na shahidi mmoja, fundi akakata kufuli. Tulitarajia chupa. Palikuwa na godoro limeviringishwa, redio ya kaseti ndani ya boksi lake, jozi ya viatu visivyovaliwa, na daftari la shule la kurasa chache zilizoandikwa kwa penseli. Mama alilisoma akiwa amesimama. Bati za nyumba ya mama. Ada ya mdogo wake. Deni la dukani la marehemu baba yake, limelipwa nusu. Mbele ya kila kitu aliandika kiasi na mwezi, na miezi iliyokuwa wazi ilikuwa mingi kuliko iliyojazwa. Ndugu zake walikuja kutoka upande wa Babati baada ya tangazo la mdomo kuwafikia, watu wa shamba, wapole, wakachukua vitu. Daftari lilikwenda nao.

Sijui niseme nini juu ya wale waliosema kila apolo alikuwa mlevi asiyejua kesho. Huyu alikuwa na kesho ameiandika kwa mstari. Alipofika mjini na fungu lake alipeleka la mama kwanza, ndipo akamnawisha mwenzake kwa bia, na mji ukaona bia.

Miaka ikabadilisha mambo. Vijana wa Arusha walichukua majina ya kudharauliwa wakayafanya bendera. X Plastaz, kundi la hip hop lililochanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, walitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, na vijana wa Nako 2 Nako wakalibeba jina la Ngarenaro yetu kwenye majukwaa ya nchi nzima. Kizazi cha leo kimejiita Wadudu, kwa mavazi ya rangi na michezo yao, na nimewasikia wazee wa rika langu wakiwasema kwa maneno yaleyale tuliyosemwa nayo. Mererani nayo imezungushiwa ukuta wa takriban kilomita 24, uliozinduliwa Aprili 2018, na siku hiyo Jumanne Ngoma, mzee aliyetambuliwa kuwa mgunduzi wa jiwe, alipewa shilingi milioni 100 akiwa mgonjwa. Anayeingia na anayetoka anapekuliwa getini. Jiwe sasa linauzwa kwa utaratibu na kodi inakusanywa, na hilo ni jema. Madalali wa tochi wamepungua mjini.

Kaka ana duka la vipuri vya pikipiki Kilombero. Mwaka jana tulikuwa tumekaa dukani kwake akaja kijana wa bodaboda, mchangamfu, amevaa miwani ya jua mvuani, akibishana bei ya cheni. Akajigamba, "Mimi apolo, mzee, hunitishi." Kaka akaacha alichokuwa akikifanya.

"Ulishuka shimo gani?"

Kijana akacheka. "Shimo gani tena, mzee? Ni jina tu la mtaani."

"Mita ngapi? Kompresa ya nani? Ulikuwa na nani chini?"

Kijana alinitazama mimi, labda apate msaada. Kaka hakuwa amekasirika. Alimpa cheni kwa bei ya kijana, akamrudishia chenji, na alipoondoka nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alijiita apolo pale Stendi Ndogo kabla hajauona mlango wa mgodi.

"Ndiyo," akasema. "Na niliporudi uliwahi kunisikia nikijiita?"

Sikuwahi. Akaniambia pia jambo ambalo hakuwa amewahi kulisema, kwamba usiku ule wa mvua si yeye aliyekuwa zamu ya chini. Alikuwa ameamka na homa, na mpangaji wetu akachukua kamba akashuka badala yake. Kisha mteja mwingine aliingia kuulizia tairi la nyuma, kaka akapanda ngazi kumshushia.